Kabla ya kuilaumu kinga, tazameni saa

Ripoti za upandikizaji wa ini kwa wanyama zina sentensi moja inayojirudia kwa sura nyingi: ini likapandikizwa, mwili ukalikataa, mnyama akafa siku ya kumi na kitu. Mshitakiwa ametajwa humohumo ndani ya sentensi, na ni yuleyule siku zote: kinga ya mwili. Sina nia ya kumtetea. Kinga hukataa maini kweli. Ila amezoeleka mno kizimbani, hata mashahidi wengine hawaitwi tena. Shahidi ninayemtaka mimi ni jeraha, yaani yale yote yaliyolipata ini tangu lilipokatiwa damu ndani ya mtoaji hadi lilipoonja damu ya mwenyeji mpya. Katika ripoti nyingi jeraha hilo hupewa mstari mmoja kwenye sehemu ya mbinu, halafu halisikiki tena.

Tuanzie mezani kwa mpasuaji. Panya mkubwa wa maabara ana uzito wa gramu 250 hivi, na ini lake halifiki gramu 15. Mishipa yake hushonwa chini ya hadubini, kwa uzi ambao jicho tupu hulazimika kuutafuta. Mwaka 1979 Naoshi Kamada na Roy Calne, wakiwa Cambridge, walichapisha njia iliyorahisisha kazi hiyo. Badala ya kushona kila mshipa, mshipa wa ini jipya hupitishwa ndani ya kola ndogo ya plastiki, ukingo wake ukakunjwa kwa nje kama mkono wa shati, kisha kola ikasukumwa ndani ya mshipa wa mwenyeji na kufungwa kwa uzi. Kazi iliyokuwa ya wachache ikawa ya maabara nyingi, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ini na kinga imepitia kwenye kola hiyo.

Mpasuaji akishaubana mshipa wa lango, ule unaoleta damu ya utumbo kwenye ini, saa inaanza kuhesabu. Damu ya utumbo haina pa kutokea. Utumbo unavimba na kugeuka zambarau, damu inayorudi moyoni inapungua, presha inashuka. Zikizidi dakika 25 hivi, panya wengi hawaamki, au wanaamka na kufa baada ya siku moja mbili, wakati ambao kinga haijapata hata nafasi ya kumkagua mgeni. Kisha kibanio kinaachiwa. Ini lililokuwa limepauka linarudiwa na wekundu, na mpasuaji mzoefu huangalia jambo moja: wekundu umeenea sawasawa, au kuna mabaka yaliyobaki yamepauka? Mabaka hayo ni habari kubwa, maana yanaonyesha mahali ambapo damu imekosa njia. Ni mara chache nimeyakuta yameandikwa.

Hata hiyo damu ya kwanza haiji mikono mitupu. Imetoka kwenye utumbo uliokaa umebanwa, na inabeba sumu za bakteria zilizopenya ukuta wa utumbo. Ini lililotoka barafuni linakaribishwa kwa bakuli la sumu.

Ndani ya seli nako mambo yameshaharibika kabla ya hapo. Damu ikikatika, oksijeni inakwisha, na ATP, ile nishati ambayo seli huitumia kwa kila kazi, inakwisha nayo. Pampu zinazotoa sodiamu nje zinasimama, seli inanywa maji na kuvimba. Mitokondria nazo zinalimbikiza kemikali iitwayo saksineti. Utafiti wa mwaka 2014 uliofanywa kwa panya wadogo, jamii nyingine ya panya wa maabara, ulionyesha kwamba oksijeni inaporudi, saksineti hiyo yote huunguzwa kwa pupa, na mabaki yake ni molekuli kali za oksijeni zinazotoboa utando wa seli na kuharibu protini. Ndiyo maana jeraha kubwa haliji damu inapokatika, huja inaporudi. Barafu husaidia, lakini hailindi kila mtu ndani ya nyumba: seli kuu za ini huvumilia baridi ya nyuzi 4 kuliko zinavyovumilia joto bila damu, ilhali seli nyembamba zinazotandika vijia vya damu ndizo zinazoumizwa zaidi na baridi. Kwa hiyo ini lililokaa barafuni saa 18 na lililokaa dakika 40 kwenye joto bila damu yameumia sehemu tofauti, hata kama vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu vinaonyesha tarakimu zinazokaribiana.

Kisha zinakuja seli za Kupffer, walinzi wanaoishi ndani ya vijia hivyo vya damu. Zikikuta seli zilizopasuka, zinaita wenzao. Mojawapo ya ishara wanazozisoma walinzi hao ni protini iitwayo HMGB1, ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya kiini cha seli ikishughulika na DNA. Watafiti wa Pittsburgh walionyesha mwaka 2005, kwa panya wadogo, kwamba protini hii hutoka nje ini linapokosa damu, na kwamba husomwa kupitia kipokezi cha TLR4. Hapo ndipo penye utamu wa habari. TLR4 ni kipokezi kilekile kinachotambua sumu ya bakteria. Hakuna kijidudu, lakini mwili umepata ujumbe uleule ambao ungeupata kama kungekuwa na kijidudu.

Polly Matzinger, mtafiti wa kinga, alitoa hoja mwaka 1994 kwamba kinga haiulizi tu "huyu ni nani?", inauliza pia "kuna hatari gani hapa?" Wapo wanakinga wanaoiona hoja hiyo imevutwa mno, na kwa magonjwa mengi sina ugomvi nao. Kwa ini lililopandikizwa, hata hivyo, swali la pili halikwepeki. Seli T, askari wa kinga anayemshambulia mgeni, haifanyi kazi kwa kumwona mgeni tu. Inahitaji kuletewa mgeni huyo na seli nyingine iliyokwisha kushtuka. Jeraha ndilo linaloishtua.

Sasa tuhamie kwenye hadubini, kwa sababu hapo ndipo hukumu huandikwa. Kipande cha ini hupimwa kwa vigezo vilivyokubaliwa katika mfumo wa Banff wa mwaka 1997. Vigezo ni vitatu: seli za kinga zilizojazana kwenye maeneo ya lango la ini, uharibifu wa mirija ya nyongo, na seli za kinga zilizojipenyeza chini ya utando wa vena. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 3, jumla yote 9. Mfumo huu ulitungwa kwa ajili ya binadamu, na maabara za wanyama zikauazima.

Tatizo ni mirija ya nyongo. Seli kuu za ini hupata damu kwa njia mbili, mshipa wa lango na ateri, kwa hiyo njia moja ikifungwa nyingine husaidia. Mirija ya nyongo haina bahati hiyo, yenyewe hutegemea ateri. Na ile mbinu ya kola, kwa namna ilivyozoeleka tangu mwanzo, haiungi ateri. Mpasuaji huifunga na kuiacha, kwa sababu kuiunga ni kazi nyingine nzima na panya huishi bila hiyo. Huishi, ndiyo. Lakini mirija yake ya nyongo inakaa na njaa. Seli zake zinavimba, nyingine zinakufa, na askari wa kinga wanasogea kusafisha. Wiki mbili baadaye kipande kinakatwa, kinapakwa rangi, na msomaji wa vioo ambaye hakuambiwa lolote kuhusu ateri anaona mirija iliyoharibika na kujaza alama 2. Alama 2 za nini? Kwenye jedwali zitasomeka kama alama za kukataliwa. Theluthi nzima ya kipimo imeachwa wazi kwa jambo ambalo mpasuaji alilifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Dawa yake inajulikana na si ya ajabu: kundi la panya wa ukoo mmoja, mtoaji na mwenyeji wakiwa pacha kwa kila hali ya kijeni. Kwa hao kinga haina cha kukataa, hivyo chochote kinachoonekana kwenye kioo ni jeraha tupu. Kazi nzuri zina kundi hilo. Nyingine hulitoa ili kuokoa wanyama na pesa, au huwa nalo lakini kwa dakika tofauti za kubanwa mshipa. Kuna jambo dogo jingine ambalo waliokaa maabara wanalijua na hawapendi kulitaja: mkono hujifunza. Panya kumi wa kwanza wa mwanafunzi mpya hawafanani na kumi wa mwisho. Kama kundi la kulinganisha lilifanywa mwanzoni na kundi lililopewa dawa likafanywa miezi sita baadaye, dawa itaonekana kuponya hata kama ni maji ya chumvi.

Kuna atakayenijibu kwa mfano mmoja maarufu, na jibu lake ni zito. Ini la panya wa ukoo wa DA likiwekwa ndani ya panya wa ukoo wa PVG, hukubaliwa bila dawa yoyote. Ini la DA huyohuyo likiwekwa ndani ya panya wa ukoo wa Lewis, hukataliwa, na mwenyeji hufa ndani ya wiki mbili hivi. Mtoaji mmoja, mbinu moja, barafu moja. Kama jeraha ndilo lingekuwa mwamuzi, wote wangeishi au wote wangekufa. Nakubali. Jeraha peke yake halikatai ini. Panya wa ukoo mmoja wanaishi na maini yao yaliyoumia, na pacha wa binadamu walipeana figo bila kukataliwa tangu miaka ya 1950. Lakini angalia mfano huo unapima nini. Jeraha limewekwa dogo kwa wote, halafu kinachobadilishwa ni ukoo. Bila shaka ukoo ndio utakaoonekana na uzito. Ukitaka kujua uzito wa jeraha, libadilishe jeraha na uache ukoo.

Huu ukarimu wa ini ni kisa chenyewe. Miaka ya 1960, wakati mbwa waliopandikizwa maini bila dawa wakifa kwa kukataa, nguruwe walianza kuwashangaza wapasuaji. Mwaka 1969 Calne na wenzake waliripoti kwamba baadhi ya nguruwe walikaa na maini ya wengine bila dawa, na tena wakaweza kupokea kutoka kwa mtoaji yuleyule ngozi au figo ambayo kwa kawaida wangeitupa. Kamada akaona hali hiyo kwa panya. Watafiti wa Pittsburgh wakaiona kwa panya wadogo miaka ya 1990, ambao hupokea ini la ukoo mgeni kabisa. Ini, tofauti na moyo au ngozi, huja na kitu kinachomtuliza mwenyeji.

Kinachonivutia ni kwamba utulivu huo hauanzi kwa utulivu. Ini la DA ndani ya PVG hujaa seli za kinga siku za kwanza, vimeng'enya vinapanda, na ukilikata siku ya tano unaweza kuapa kwamba linakataliwa. Kisha ghasia inashuka yenyewe. Watafiti wa Sydney walijaribu kuizima mapema kwa kumpa mwenyeji steroidi, dawa inayotuliza kinga, kwenye siku mbili za mwanzo, na matokeo yakawa kinyume cha ambavyo mganga yeyote angetarajia: ini lililokuwa likubaliwe likakataliwa. Walipompiga mtoaji mionzi kwanza, ili kuua seli nyeupe zinazosafiri na ini, uvumilivu ukapotea vilevile. Msafara wa mgeni unahitajika. Seli T za mwenyeji zinakutana nao mapema, zinawaka zote kwa mkupuo, na nyingi zinafia palepale.

Nilipoanza kuyasoma haya yalinikoroga, kwa sababu yanaonekana kuipinga hoja yangu. Kama mwako wa mapema ni mzuri, basi jeraha nalo si lizuri? Naona hapana, na sababu ni kwamba tunaita kwa jina moja mioto miwili. Mmoja unawashwa na seli zilizopasuka: Kupffer, TLR4, sumu za utumbo, chembe za damu zinazoziba vijia. Mwingine unawashwa na msafara wa mgeni na kuishia kwa seli T kujimaliza. Yote miwili huonekana kwenye kioo kama seli zilizojazana mahali pamoja, na yote miwili hupandisha vimeng'enya. Ripoti isiyotenganisha siku ya kwanza na siku ya tano, wala jeraha na ukoo, haiwezi kukuambia dawa yake imezima upi. Na kama imezima ule wa pili, huenda imemdhuru mgonjwa.

Wanyama wa maabara wana kasoro nyingine, ambayo haiko mezani. Ni wasafi mno. Panya mdogo anayelelewa bila vijidudu vya maradhi ana kinga isiyo na kumbukumbu. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kinga yake inafanana zaidi na ya mtoto mchanga wa binadamu kuliko ya mtu mzima, na kwamba akichanganywa na panya waliotoka kwenye duka la wanyama, kinga hiyo hukomaa haraka. Mtu mzima anayengoja ini amepitia mafua, malengelenge na mengine chungu nzima. Seli zake za kumbukumbu hazihitaji kushtuliwa sana. Mtoaji naye katika maabara huwa kijana mwenye afya aliyelala kwa dawa ya usingizi, wakati maini mengi ya binadamu hutoka kwa watu waliokufa ubongo, hali ambayo yenyewe huwasha viungo vyote kabla kisu hakijagusa ngozi. Panya waliofanywa wafe ubongo kwanza ndipo figo zao zikatolewa, figo hizo zilikataliwa haraka zaidi. Ini la mtoaji wa maabara linaanza safari likiwa zima kuliko ini lolote ambalo daktari wa hospitali atalipokea.

Na wanyama wanaweza kukupotosha kwa upande wa pili pia. Takolimasi, dawa ya kuzuia kukataliwa iliyopatikana kwenye bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984, iliwaumiza mbwa mishipa ya damu kiasi kwamba Cambridge walisitasita. Thomas Starzl, mpasuaji wa Pittsburgh, akaipeleka kwa binadamu mwaka 1989, na ikawa nguzo ya upandikizaji.

Kwa binadamu ukarimu wa ini upo, ila umepungua. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 98 walioishi na ini jipya kwa miaka kadhaa wakiwa na hali njema waliondolewa dawa polepole; 41 wakafaulu kuishi bila dawa. Hawa walikuwa wamechaguliwa, kwa hiyo usiichukue kama nafasi ya kila mgonjwa. Waliofaulu zaidi ni waliokuwa na miaka mingi tangu kupandikizwa, jambo ambalo panya wa miezi mitatu hawezi kutuambia.

Upande wa jeraha umepiga hatua ya kuonekana, na cha kufurahisha ni kwamba umeanzia kwa nguruwe. Badala ya barafu, ini huunganishwa na mashine inayolizungushia damu yenye joto na oksijeni. Jaribio la mwaka 2018 lililohusisha maini 220 yaliyopandikizwa lilionyesha kwamba jeraha, kwa kipimo cha kimeng'enya kinachovuja, lilipungua kwa nusu, ingawa maini ya mashine yalihifadhiwa kwa muda mrefu zaidi kwa asilimia 54. Waholanzi nao, mwaka 2021, walitumia mashine ya baridi yenye oksijeni kwa maini ya watoaji ambao moyo ulikuwa umesimama. Wagonjwa waliopata kuziba kwa mirija ya nyongo walikuwa asilimia 6, dhidi ya 18 kwa waliopata maini ya barafu ya kawaida. Ni ileile mirija inayompa msomaji wa vioo shida kwa panya. Katika jaribio la 2018, lakini, maini yaliyodumu mwaka mzima hayakutofautiana kwa kiasi cha maana kati ya makundi mawili. Yeyote anayedhani kwamba ukiondoa jeraha umemaliza kazi, na mimi niliwahi kukaribia kudhani hivyo, aisome tarakimu hiyo mara mbili.

Maini ya nguruwe kwa nyani yana ukatili wa namna yake. Huko mgeni ndiye anayemla mwenyeji: seli za ini la nguruwe humeza chembe sahani za damu, zile zinazogandisha, mpaka mwenyeji anatokwa damu. Mwaka 2017 rekodi ilikuwa siku 29. Nani kamkataa nani hapo?

Basi ninapofungua ripoti mpya inayosema dawa fulani imeongeza maisha ya panya kutoka siku 11 hadi 30, siendi kwenye mchoro wa vifo kwanza. Natafuta dawa ilitolewa lini. Kama ni kabla ya kibanio kuachiwa, huenda imetibu mchubuko na haijagusa kinga. Natafuta ateri iliungwa au haikuungwa. Natafuta kundi la ukoo mmoja, na kama dakika zake zinalingana. Jaribio ambalo ningelipa nauli kulitazama lina makundi manne tu: ini la DA la saa 1 barafuni na la saa 18, kila moja kwa PVG na kwa DA mwenzake, mkono mmoja, mpangilio wa kubahatisha, vipande vya siku ya 1, ya 5 na ya 30. Dakika za kubanwa kwa mshipa wa lango kila mpasuaji anazo, ameziandika kwa kalamu kwenye daftari lililo pembeni mwa hadubini, mara nyingi likiwa na doa la damu kwenye ukurasa.